Shavu la Halali

Emil Hrivnak hakuwa mtu wa ndevu. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu mjini kwetu waliomjua mwaka ule tu, mwaka ambao timu yetu, Wafua Chuma, ilipigwa Jumapili baada ya Jumapili, na hao ukiwatajia Emil watakwambia, "Aa, yule mzee wa ndevu!" Hawajui kitu. Mimi ni kinyozi wake, na baba yangu alikuwa kinyozi wake kabla yangu, katika duka hili hili linalotazamana na kanisa la Mtakatifu Kirili. Ule uso naujua kuliko ninavyoujua wangu. Kidevu kina kishimo katikati, chini ya sikio la kushoto kuna kovu la cheche ya kiwandani, na mashavu yake hata uzeeni yalikuwa laini, ya mtu aliyelelewa vizuri. Ningemwambia hivyo angeniambia nifunge mdomo nifanye kazi.

Aliendesha kreni katika kiwanda cha chuma mpaka kiwanda kikafungwa, kisha akaendesha gari la manispaa la kusukuma theluji mpaka akastaafu. Alipenda vitu viwili duniani, mkewe Filomena na timu ya Wafua Chuma, na kwa mpangilio huo, ingawa zilikuwapo Jumapili ambazo Filomena aliutilia shaka.

Sasa, kiapo. Kila mwaka msimu wa mpira wetu wa Kimarekani, ule wa kubebwa na kurushwa kwa mkono, ulipoanza, mwezi wa Septemba, Emil aliweka wembe chini na hakuushika tena mpaka timu ipate ushindi wa kwanza. Ikishinda, ananyoa, na mambo yameisha hadi mwaka unaofuata. Mara nyingi ilichukua wiki moja au mbili. Mwaka mbaya, tano. Hakuna aliyemcheka, maana kila nyumba mjini kwetu ilikuwa na wazimu wake. Mama yangu aligeuza picha ya Bikira Maria iangalie ukuta kila tulipofika mapumziko tukiwa nyuma, asione aibu. Gus Petrakis, mwenye mgahawa wa mtaa wa pili, hakufua soksi zake za Jumapili msimu mzima, na mkewe alizilaza nje barazani pamoja na Gus mwenyewe. Timu ni ya wote, lakini kila mtu anadhani ni yeye anayeibeba.

Utamu wa kiapo cha Emil ulikuwa kwa Filomena. Miaka yote hiyo mama huyo alifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, zamu ya Jumapili, chini kabisa ya jengo ambako mashine zilinguruma na redio haikusikika. Alirudi nyumbani giza limeshaingia bila kujua matokeo, na aliwakataza watu njiani wasimwambie. Emil alizima taa ya ukumbini akamsubiri nyuma ya mlango. Filomena aliingia, hakusema neno, akanyoosha mkono gizani na kuweka kiganja juu ya shavu la mumewe. Akikuta miiba, alisema, "Haya, pole," akavua koti akaenda kupasha supu. Akikuta laini, alipiga kelele, "Tumeshinda!" Hata sisi tuliokaa ng'ambo ya barabara tulisikia, na mama yangu aligonga dirisha akicheka.

Mara moja tu Emil aliharibu. Kiwandani walitakiwa kuvaa barakoa za gesi, ambazo hazikazi juu ya ndevu, na msimamizi akamwambia anyoe au abaki nyumbani. Akanyoa Jumapili ile, na timu ilikuwa imepigwa vibaya. Filomena alirudi, akapapasa, akapiga zile kelele zake, akampigia simu dada yake, akafungua ile chupa waliyoiweka kwa ajili ya harusi ya binti yao. Emil hakupata ujasiri wa kusema ukweli mpaka glasi ya pili. Alinisimulia mwenyewe akiwa kitini pangu, na si mara moja.

"Nidanganye kwa mdomo ukitaka," Filomena alimwambia. "Wanaume wote wana mdomo. Lakini shavu lako usilifanye liseme uongo. Hilo ni langu."

Hakumsemesha tena mpaka Alhamisi.

Halafu kumbukumbu zikaanza kumtoka Filomena. Zilimtoka taratibu, kama watu wanaoondoka kwenye sherehe bila kuaga. Alisahau sufuria jikoni, kisha jina la binti yao Janine aliyehamia Arizona, kisha njia ya kurudi nyumbani kutoka kanisani, na njia yenyewe ni hatua chache tu. Macho nayo yakafifia. Emil alihangaika naye peke yake mpaka aliposhindwa, na asubuhi ya kumpeleka kwenye nyumba ya wazee ya Masista alipita kwangu nimnyoe. Pale mlangoni pa Masista akili ya Filomena ilirudi kwa muda, kama ilivyokuwa ikifanya siku zile. Alimshika mumewe kidevu mbele ya watu wote.

"Na usidhani kwa kuwa sipo nyumbani utaanza kunyoa ovyo ovyo," alisema. "Nitakagua."

"Ahadi ni deni, Fila," Emil alisema.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Wafua Chuma walishinda wiki ya pili, Emil akaja kunigongea jioni ile ile, nikamnyoa, akaenda. Filomena alikuwa anamwita kila mtu "mwanangu" wakati huo, lakini aliweka kiganja shavuni akapiga kelele mpaka Sista mmoja akaja mbio na ndoo ya maji, akidhani kuna moto. "Emil wangu," alisema baadaye, akimpapasa. "Tumeshinda, siyo?" Emil aliishi kwa siku hiyo mwaka mzima.

Kisha ukaja ule msimu. Nikianza kuueleza nitatukana, na duka langu liko mbele ya kanisa. Mwenye timu alimuuza mrusha mpira wetu, mtu mzima mwenye akili zake, akatuletea kijana mwenye meno mazuri. Kijana alirusha mpira kwa ukarimu mkubwa, tatizo ni kwamba aliwarushia wapinzani. Waliopewa kazi ya kumlinda walianguka kabla ya kuguswa. Septemba tukapigwa, Oktoba tukapigwa, na kocha kila Jumatatu alisimama mbele ya kamera akasema vijana wanaimarika. Wanaimarika wapi! Uwanjani watu walianza kuvaa mifuko ya karatasi kichwani, yenye matundu ya macho, ili majirani wasiwatambue.

Sisi wa mtaa wetu hukutana asubuhi kwenye maegesho nje ya uwanja, chini ya taa ile ile, tukachoma soseji nyuma ya gari la Gus mpaka milango ifunguliwe. Emil alikuwa akileta viti viwili vya kukunja. Kimoja alikikalia, kingine alikifungua na kukitandika blanketi la sufu la Filomena, na ole wake ambaye angekaa hapo. Novemba ilipoingia ndevu zake zilikuwa zimefika kwenye zipu ya koti, nyeupe, zimejisokota, zinanasa makombo ya mkate. Gus alikuwa amevaa mfuko wake, ametoboa tundu la tatu kwa ajili ya bia.

"Vua huo mfuko," Emil alimwambia. "Mtu haoneshi kwamba anaionea haya timu yake."

"Timu siionei haya, mzee wangu. Nakuonea haya wewe. Watoto wanakuja kukuomba zawadi za Krismasi."

"Leo wanashinda."

"Ulisema hivyo wiki jana."

"Wiki jana nilikosea. Leo wanashinda."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," nikasema, maana mtu lazima aseme kitu.

"Trudi, tuache na koleo lako," Gus akanijibu toka ndani ya mfuko. "Koleo limevunjika, nyundo imevunjika, na mhunzi mwenyewe yuko benchi na goti bovu. Lakini wewe mzee usinyoe, nakuomba. Ukinyoa wewe, tumekwisha. Hizo ndevu ndizo tulizobaki nazo."

Alikuwa anasema kweli. Wanaume wa safu yetu walikuwa wamefuga ndevu ili kumuunga mkono, wake zao wakawakomesha, akabaki yeye. Watu wasiomjua walikuja kumgusa kidevu kutafuta bahati. Emil aliwavumilia, amesimama wima kama mtu anayepimwa koti. Nami nilikuwa nikigeuza soseji bila kuungana nao, kwa sababu nilikuwa najua jambo ambalo Gus hakulijua.

Mimi huenda kwa Masista kila Jumanne kuwakata nywele wazee. Mara nyingi Emil hupanda gari langu. Mara ya kwanza jambo lile kutokea ilikuwa Oktoba, ndevu zikiwa changa bado. Nilikuwa namchana Filomena karibu na dirisha, Emil akaingia, kofia mkononi. Aliubusu mkono wa mkewe kama kawaida yake, kisha akauweka shavuni. Filomena aliuondoa haraka.

"Samahani, mzee," alisema kwa adabu. "Unamtafuta nani?"

"Ni mimi, Fila. Emil."

Filomena akacheka. "Emil hana ndevu. Kaa, kaa umsubiri, hachelewi. Huja akitoka kazini."

Emil alikaa. Angefanya nini? Na Filomena ni mkarimu, hajazoea kumwacha mgeni kimya, basi akaanza kumsimulia habari za mumewe. Alisema ni mkaidi, akishika jambo hata umpige haachii. Alisema lakini ana mikono yenye joto, na kwamba yeye akirudi kazini miguu inamuuma, mume huyo humvua viatu mwenyewe na kuikanda miguu hiyo bila kuombwa. Kisha akamwinamia yule mgeni akashusha sauti.

"Usimwambie nimekwambia. Ataona haya."

"Sitamwambia," Emil alisema.

Njiani kurudi nyumbani alikuwa anatabasamu peke yake. Aliniambia maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kuambiwa maneno yale usoni. Nikacheka naye. Nilidhani ni jambo la wiki moja mbili, kama kawaida, timu ishinde tumalize.

Wakapigwa tena, na tena, na ndevu zikarefuka, na Filomena akaacha kucheka. Jumanne moja ya Novemba tulimkuta ameweka kiti chake karibu na mlango wa chumba.

"Bado hajaja," alimwambia mgeni wake, bila hata salamu. "Labda amepata mwingine."

"Hajapata."

"Wewe unajuaje? Kwani unamjua?"

"Namjua kidogo."

"Basi ukimwona mwambie namsubiri," Filomena alisema. "Mwambie sijakasirika. Aje tu."

Emil alisema atamwambia. Alitoka nje ya chumba akasimama kwenye ujia, uso ameuelekeza ukutani. Latrice, muuguzi anayemtunza Filomena, alikuja akamshika kiwiko. Ni mwanamke mwenye maneno machache, na yale machache huyasema bila kupaka mafuta.

"Mzee wangu, kila jioni analia. Anasema mumewe hajaja tangu kiangazi. Nikimwambia ulikuwepo mchana, ananiona mwongo."

"Nimesikia."

"Daktari anasema kufika majira ya kuchipua huenda asimtambue mtu yeyote. Macho yamekwenda, majina yamekwenda. Mkono wake ndio bado unajua. Nyoa basi. Jambo dogo hivyo?"

Emil aligeuzageuza kofia. "Alinikataza yeye mwenyewe."

"Ameshasahau kwamba alikukataza."

"Mimi sijasahau."

Garini nilimvamia. Nilimwambia ni mpumbavu. Nilimwambia mpira ni mpira, ngozi iliyojazwa upepo, na mke ni mke, na kama angekuwa na akili hata ya kuku angenyoa jana. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Husikii, Trudi," alisema. "Nikienda nimenyoa, mkono wake utasema tumeshinda. Ndivyo unavyojua. Haumjui Emil peke yake, unamjua Emil na ushindi. Atafurahi, na itakuwa uongo. Nitakuwa nimemdanganya kwa shavu, tena safari hii hana uwezo wa kugundua. Huyo ni mtu gani anayemfanyia mkewe hivyo?"

"Mtu anayempenda!"

"Jumapili wanashinda," akasema. "Mmoja tu, siombi zaidi. Nitakwenda kwake na shavu la halali."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilimshusha kwake nikaondoka bila kuaga, na hasira yangu nusu ilikuwa kwa Emil na nusu kwa yule kijana wa meno mazuri.

Sijawahi kuutamani ushindi kama nilivyoutamani Desemba ile. Zamani nilikuwa nautaka kwa ajili ya kuwatambia shemeji zangu wa ng'ambo ya ziwa. Sasa kila mpira ulipodondoka mkononi mwa mtu wetu niliona kile kiti karibu na mlango. Emil hakupiga kelele kama zamani. Alikaa pembeni ya kiti kitupu chenye blanketi, midomo ikichezacheza ndani ya ndevu, na nadhani alikuwa anasali rozari nzima, mafumbo yote.

Mchezo wa mwisho ulikuwa Januari, theluji inaanguka kwa ubavu kutoka ziwani, uwanja nusu mtupu. Wageni walikuwa wameshafuzu kuingia hatua ya mtoano, wakawapumzisha wachezaji wao wazuri. Huwezi kupata bahati kubwa kuliko hiyo. Na kweli, vijana wetu walicheza kama wanaume. Zikiwa zimebaki sekunde chache tulikuwa nyuma kwa pointi mbili, na mpira ulikuwa wetu, karibu kabisa. Akaitwa mpigaji. Kazi yake moja tu, aupige mpira upite kati ya ile milingoti miwili, tupate pointi tatu, twende nyumbani. Ni pigo ambalo hata mjomba wangu mwenye nyonga ya chuma angelifunga.

Emil alisimama. Alishika blanketi la Filomena kwa mikono miwili. Mpira uliruka, ukaenda vizuri, ukaenda vizuri sana, halafu upepo wa ziwa ukaushika kidogo tu. Ukagonga mlingoti, ngo! kama mtu anayebisha hodi, ukaangukia nje.

Hakuna aliyezomea. Watu walianza kutoka wakikanyaga theluji, na Gus Petrakis akavua mfuko wake wa karatasi, nywele zimemsimama, akamwekea Emil mkono begani.

"Mwakani, mzee wangu," alisema. "Septemba si mbali."

Emil alikuwa anakunja blanketi, pembe kwa pembe. "Fila hana Septemba," alisema. Hapo ndipo Gus akaniangalia mimi, nami nikamweleza, palepale ngazini, na mtu mzima yule akafuta pua kwa ule mfuko.

Jumatatu sifungui duka. Asubuhi nilisikia mlango wa nyuma unagongwa. Emil alikuwa amesimama kwenye theluji, amevaa koti lake la kanisani.

"Ninyoe," alisema.

"Emil, tulishindwa."

"Nilikuwepo."

Nilianza na mkasi, kisha kitambaa cha moto, kisha povu, kisha wembe wa baba yangu ambao siutoi kila siku. Ndevu zilianguka sakafuni nyingi kuliko nilivyodhani. Uso uliotoka chini yake ulikuwa umekonda. Kishimo cha kidevuni kilikuwepo, kovu lilikuwepo, lakini mashavu yalikuwa yameingia ndani, na nikaogopa kwamba hata Filomena hatayajua. Nikasema kimoyomoyo, Mungu wangu, usitufanyie na hili.

"Pitisha tena hapa chini ya sikio," Emil alisema. "Ana mkono mkali."

Nikapitisha tena.

Kwa Masista tulimkuta Filomena kwenye chumba cha chakula. Emil alimwomba Latrice azime taa ya chumbani, afunge pazia, kisha amlete mkewe polepole. Yeye akaingia akasimama nyuma ya mlango, kofia ameiweka chini, mikono imenyooka ubavuni. Mimi nilisimama kwenye ujia. Nilisikia ndara za Filomena zinakuja zikiburuzika.

Aliingia gizani akasimama. "Nani yupo?"

Emil alinyoosha shingo amfikie.

Filomena alinyoosha mkono. Uligusa kwanza kola ya koti, ukapanda, ukafika shavuni, ukatulia hapo. Latrice alikuwa ameshikilia mlango. Kisha ikaja ile sauti, nyembamba siku hizi, lakini ni ile ile iliyokuwa ikivuka barabara yetu.

"Tumeshinda!"

"Ndiyo, Fila," Emil alisema.

"Emil! Ulikuwa wapi wewe?"

"Uwanjani."

"Muda wote huu?"

"Mchezo ulikuwa mrefu, Fila."

Alimpiga kifuani kwa ngumi ndogo, kisha akauweka mkono tena pale pale shavuni. "Tumewashinda kwa ngapi?"

Na hapo Emil alikwama. Mtu huyu anajua matokeo ya kila mchezo tangu alipovaa suruali ndefu, na hajawahi kumwongezea mtu pointi hata moja. Filomena aligeuza uso kuelekea mlangoni, kule nilikosimama, sijui alinionaje.

"Wewe, binti wa kinyozi. Mbona huyu hasemi? Ni kweli tumeshinda?"

"Kwa pointi moja, mama," nikasema. "Dakika ya mwisho. Mpira uligonga mlingoti, sisi tukadhani umetoka. Ukaingia."

"Nilijua," Filomena alisema. "Mlingoti ule ni wetu."

Sasa ni mwezi wa Aprili. Emil huja kila asubuhi kabla sijafungua, Jumatatu pia, nikamnyoa, akaenda. Kila asubuhi Filomena huinua mkono, na kila asubuhi Wafua Chuma hushinda, kwa pointi moja, dakika ya mwisho. Hatujawahi kuwa na mwaka mzuri kama huu. Gus hupeleka soseji za ushindi kila Jumapili, zimefungwa kwenye karatasi, na Masista wanazila wanasema ahsante na hawaulizi ushindi gani. Emil haongei sana akiwa kitini. Siku moja tu aliniambia, macho ameyafumba chini ya povu, kwamba siku akikutana naye kule juu Filomena atakuwa na akili zake zote, na atamdai. Nikamwambia aniachie mimi nimjibu.

Juzi niliingia naye. Filomena aliinua mkono, akauweka shavuni, akakaa kimya. Alipapasa kidevu, akapapasa kovu, akarudi shavuni. Huko nje theluji ilikuwa inadondoka kutoka paani. Emil alisimama hivyo hivyo, hakusogea, hakumsaidia kwa neno, na mimi nilikuwa nimeshika fremu ya mlango nikiombea mpira uingie.

"Tumeshinda?" Filomena aliuliza mwishowe. Zamani alipiga kelele, hakuuliza.

"Tumeshinda," Emil alisema, na akauzuia ule mkono usiondoke.